Jogoo wa Tesi

Kila siku ya shule Wamboi aliamka kabla ya mama yake, akawasha jiko la gesi, akateleka chai, kisha akakaa mlangoni na penseli yake akingoja ichemke. Mara nyingi chai ilifurika kabla hajainua kichwa. Mama yake, Bilha, aliuza maharagwe katika soko la Kitale, na alikuwa amekwisha kuzoea kuamshwa na harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Wewe na hiyo penseli yako," alikuwa akisema, "siku moja mtachoma nyumba."

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, chenye mlango wa bati na ua mdogo wa saruji uliotumiwa na wapangaji wote. Mwenye ploti hakutaka kuona mbwa, paka wala kuku katika ua huo. Alisema wapangaji wake walitosha kumsumbua.

Wamboi alikuwa Gredi ya Sita. Muhula huo Mwalimu Kigen, aliyewafundisha Kiswahili, aliwapa kazi iliyowafurahisha wote. Kila mwanafunzi alitakiwa kubuni mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani, kisha aandike hadithi ya mtu huyo na kuichora. Tena kila mtu wa kubuniwa alitakiwa kupewa mnyama mwenza, yaani mnyama wa kutembea naye, ambaye tabia yake ingemwonyesha msomaji tabia ya mtu mwenyewe. Hadithi bora ingesomwa mbele ya wazazi Siku ya Wazazi, na picha zake zingechorwa kubwa na kutundikwa mbele ya ukumbi.

Wamboi aliitaka nafasi hiyo kupita kiasi. Mama yake hakuwa amewahi kuhudhuria Siku ya Wazazi hata mara moja, kwa sababu siku ya kufunga kibanda ilikuwa siku ya kulala na deni. Lakini mwaka huo alikuwa ametoa ahadi.

"Ukisoma hadithi mbele ya watu," alisema, "nitafunga kibanda nije. Nitavaa hata ile nguo yangu ya kanisa."

Siku ya kwanza ya kazi hiyo darasa lilijaa simba. Asiyekuwa na simba alikuwa na tai, na asiyekuwa na tai alikuwa na chui. Mwalimu Kigen alipita kati ya madawati akizitazama picha, mikono ikiwa nyuma.

"Dancan," alisema, "umewahi kumwona simba?"

"Kwa runinga, mwalimu."

"Alikuwa akifanya nini?"

Dancan alifikiri kidogo. "Alikuwa amelala, mwalimu."

"Basi shujaa wako ni mlalaji."

Darasa lilicheka. Dancan naye alicheka, kwa kuwa hakuwa mtoto wa kununa. Mwalimu Kigen akarudi mbele.

"Mtu mnaweza kumbuni mnavyotaka," alisema. "Mpeni jina, mji, hata mabawa kama mnapenda. Lakini mnyama awe mnayemjua. Kila mmoja aniandikie jambo moja kuhusu mnyama wake ambalo mtu asiyeishi naye hawezi kulijua. Mkinidanganya nitajua, kwa sababu na mimi nimekulia kwenye boma lenye mifugo."

Kesho yake Dancan alimfukuza simba na kumleta punda wa baba yake, aliyebeba mitungi ya maziwa kila asubuhi. Aliandika kwamba mzigo ukifungwa vibaya punda huyo hatembei hata apigwe namna gani, na kwamba ukifunguliwa na kufungwa upya huondoka mwenyewe bila kuambiwa. Mwalimu Kigen alisoma mara mbili. "Hapa sasa kuna punda," alisema.

Wamboi alikuwa amembuni msichana aitwaye Tesi. Tesi aliishi katika mji wenye soko kubwa, na kazi yake ilikuwa kusema ukweli kwa sauti. Mfanyabiashara akichezea mizani, Tesi alipiga kelele mpaka soko zima likageuka. Mnyama wake alikuwa jogoo aliyeitwa Kengele. Wamboi alimchagua kwa sababu jogoo huwaambia watu kumekucha hata kama hawataki kusikia.

Mwalimu Kigen aliipenda sana fikra hiyo. "Tesi na Kengele," alisema. "Wanafaana. Mnafuga jogoo nyumbani?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu. Lakini Wamboi alimkumbuka punda wa Dancan na jinsi alivyosifiwa, akaiona ile nafasi ya kusoma ukumbini ikimponyoka.

"Ndiyo, mwalimu," alisema. "Tunaye mmoja. Nimemlea tangu akiwa kifaranga."

"Vizuri." Mwalimu Kigen aliinama akaitazama picha kwa karibu. "Ila huyu jogoo wako ana magoti ya mtu. Amesimama kama askari kwenye gwaride. Likizo fupi inakuja. Kaa naye, mtazame vizuri, uniletee picha nyingine. Na usisahau lile jambo moja."

Wamboi alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi tele. Angekaa na jogoo gani?

Kwa bahati, mama yake alikuwa akinunua maharagwe huko Ndalu, katika kaunti jirani ya Bungoma. Aliyemuuzia alikuwa Nyanya Nabwile, mama mmoja mkulima ambaye yeye na Bilha, kwa miaka mingi ya kuuziana, walikuwa wamegeuka kuwa kama ndugu. Nyanya Nabwile aliishi na wajukuu wake wawili. Jentrix alikuwa rika la Wamboi, na kaka yake Kevin alikuwa shule ya upili. Mama yao alifanya kazi mjini Bungoma na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Likizo fupi ilipofika Wamboi aliomba aende kumtembelea Jentrix, na Bilha akampeleka Ijumaa alipokwenda kuchukua magunia yake. Angerudi kumchukua Jumatatu.

Kevin ndiye aliyewapokea langoni.

"Niaje, mtoto wa mjini!" alisema. "Unaweza kutofautisha jogoo na kuku jike, ama nikuonyeshe?"

"Najua, bana," Wamboi alijibu kwa hasira. "Hata sisi tuna jogoo kwetu."

"Kwenu wapi? Kwa hiyo ploti?"

"Ndiyo, kwa hiyo ploti."

Jentrix alikuwa amewahi kulala Kitale kwa kina Wamboi. Alimtazama rafiki yake, kisha akamtazama Kevin, akauchukua mfuko wa mgeni na kuingia nao ndani. Wamboi alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Jogoo wa Nyanya Nabwile alikuwa mwekundu, mkubwa, mwenye mkia mweusi uliong'aa kwa rangi ya kijani jua lilipoupiga. Mguu wake mmoja ulikosa ukucha. Ndiye jogoo pekee pale bomani. Jumamosi asubuhi, mara tu baada ya kazi za nyumbani, Wamboi alianza kumfuata. Alimfuata hadi kwenye shimo la takataka, akamfuata kando ya shamba la mahindi, akamfuata hadi chini ya ghala. Karatasi zake alizificha ndani ya sweta. Alikuwa amesema wana jogoo kwao, sasa angewezaje kuonekana akimchora jogoo wa watu kana kwamba hajawahi kumwona jogoo tangu azaliwe? Kwa hiyo alitazama, akakimbia nyuma ya ghala, akachora haraka, kisha akarudi kutazama tena. Jentrix alimwita wakacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, naye akasema baadaye. Alimwita tena, akachoka, akaenda kwa majirani.

Ubaya wa mambo ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa tamu. Wamboi aliona mambo ambayo hakuwa ameyawaza. Aliona kwamba jogoo akipata kumbikumbi hamli. Humdondoa, humwangusha, humdondoa tena na kumwangusha tena huku akitoa sauti ndogo ya haraka, mpaka majike waje mbio wamle wao. Aliona pia kwamba mwewe akipita juu, jogoo hutoa sauti moja tu, ndefu na nyembamba, na vifaranga wote huingia chini ya mama yao kabla hujajua kumetokea nini. Wamboi alisahau hata uongo wake. Alichora kichwa na upanga wake mwekundu wa utosini, mabawa na mkia. Miguu ilimshinda, kwa sababu jogoo hakukubali kusimama mahali pamoja. Akasema moyoni kwamba miguu angeichora kesho.

Jioni Nyanya Nabwile alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alikuwa amemwona mgeni wake akizunguka boma siku nzima nyuma ya jogoo.

"Wamboi, mjukuu wangu," aliita. "Naona macho yako hayatoki kwa huyo jogoo. Umempenda?"

Hapo palikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema ukweli. Lakini Kevin alikuwa ameketi pale pale akitengeneza baiskeli.

"Nimempenda, nyanya," Wamboi alisema.

"Umempenda kweli?"

"Kweli kabisa. Hata wetu hamfikii huyu."

Nyanya Nabwile alimtazama jogoo. Kisha akatikisa kichwa kwa kukubali. "Basi ni sawa," alisema, akaendelea na maharagwe yake.

Katika boma lile mgeni aliyelala hakuondoka bila kuchinjiwa kuku. Wamboi alilijua hilo, na kuku wa Nyanya Nabwile alikuwa amewala mara nyingi. Jambo ambalo hakuliwaza ni kwamba mgeni akimwekea kuku fulani macho siku nzima, kisha akatamka kwa kinywa chake kwamba amempenda, Nyanya Nabwile angeona haya kumchinjia mwingine. Kwake huo ungekuwa uchoyo, na hakuna mtu Ndalu nzima aliyewahi kumwita Nyanya Nabwile mchoyo.

Jumapili watoto walienda kanisani. Nyanya Nabwile alisema angebaki kupika. Waliporudi, Wamboi hakubadilisha hata nguo. Alichukua karatasi zake akaenda kumtafuta jogoo, maana ilibaki miguu tu. Alitazama kwenye shimo la takataka na chini ya ghala. Alizunguka shamba la mahindi. Majike walikuwepo wakichakura, vifaranga walikuwepo, lakini jogoo hakuonekana.

"Wamboi!" Jentrix aliita. "Njoo tule!"

Ugali ulikuwa mezani, na mboga, na bakuli kubwa lililofunikwa. Nyanya Nabwile alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Alisali, kisha akafunua bakuli na kulisukuma mbele ya Wamboi kwa mikono miwili.

"Karibu, mama," alisema. "Zamani sisi wanawake tulikatazwa kula kuku. Sasa mambo yamebadilika, kula ushibe. Ni yule uliyempenda."

Juu ya mchuzi kulikuwa na miguu miwili iliyosuguliwa ikawa safi. Mmoja ulikosa ukucha.

Wamboi aliitazama. Machozi yalimjaa kabla hajaweza kuyazuia, akaweka mikono usoni na kulia kwa sauti. Nyanya Nabwile alishtuka. Mgeni anayelia mbele ya chakula alichoandaliwa ni aibu kubwa kwa mwenye nyumba.

"Nini, mama? Nimekosea nini? Chumvi imezidi?"

"Hapana, nyanya."

"Basi ni nini?"

"Tumbo," Wamboi alisema. "Tumbo linaniuma."

Huo ulikuwa uongo wa nne, na huo ndio uliowasimamisha watu wote. Nyanya Nabwile alimshika kipaji cha uso, akamshika shingo, akaitazama ngozi yake. Mtoto wa watu aliletwa mzima, sasa anaumwa tumbo mpaka analia. Angemwambia nini Bilha?

"Kevin, kimbia kwa jirani Wabwile!" alisema. "Mwambie alete pikipiki sasa hivi. Tunampeleka Lugulu, hospitalini." Alikuwa amekwisha kuvua aproni na kuanza kutafuta viatu vyake.

Kevin, ambaye hakuwahi kuacha nyama mezani kwa sababu yoyote, aliinuka akakimbia. Jentrix alimsogelea rafiki yake.

"Wamboi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Tumbo linauma kweli?"

Wamboi alimtazama Nyanya Nabwile akihangaika na kiatu ambacho hakikutaka kuingia mguuni. Aliona aibu kubwa kuliko aibu zote alizokuwa akizikimbia tangu Kitale.

"Hapana," alisema. Kisha akapaza sauti. "Nyanya, usivae viatu! Mimi si mgonjwa. Nimedanganya!"

Jentrix alikimbia kumrudisha Kevin. Nyanya Nabwile aliketi, kiatu kimoja mkononi, na Wamboi akamweleza yote. Alimweleza kuhusu Tesi, kuhusu Kengele, kuhusu Mwalimu Kigen na lile swali lake. Alitoa karatasi kutoka ndani ya sweta na kuziweka mezani kando ya ugali. Kwenye karatasi alikuwemo jogoo mwekundu mwenye upanga na mkia mzuri, asiye na miguu.

"Kwa hivyo hamna jogoo," Nyanya Nabwile alisema polepole.

"Hatuna, nyanya."

"Na jana ulikuwa unamtazama ili umchore."

"Ndiyo."

"Si ungeniambia tu? Ningemfunga kamba hapo mlangoni umchore mpaka uchoke. Kuku wa kuchinja walikuwa wengi."

"Niliona aibu. Nilikuwa nimeshasema tunaye."

Kevin alikuwa amerudi, akihema. Safari hii hakufanya mzaha. Nyanya Nabwile alizitazama zile picha kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba zilimuuma.

"Huyo jogoo nimemnyima hata pasta," alisema. "Alipokuja kuiombea nyumba nilimchinjia mwingine. Wewe nimekupa kwa sababu ulisema umempenda, nikakuuliza tena, ukasema kweli kabisa. Mimi mtu akiniambia neno, nalishika hivyo hivyo alivyolisema. Sikai kuligeuzageuza nione kama lina kitu chini yake. Nikianza kufanya hivyo na watoto, nitaishije?"

Wamboi alizikusanya karatasi zake. Alisema tu, "Nisamehe, nyanya."

"Nimekusamehe. Sasa kula. Amechinjwa kwa ajili yako, usimwache apoe."

Wamboi alikula. Kila tonge lilipita kwa shida, na lililomuuma zaidi ni kwamba nyama ilikuwa tamu.

Baada ya chakula Nyanya Nabwile alimpeleka uani na kumwonyesha vifaranga.

"Wabwile ataniazima jogoo wake kesho," alisema. "Leo hawa hawana wa kuwaangalizia mwewe. Kwa hivyo leo jogoo ni wewe."

Wamboi alidhani ni mzaha, lakini haukuwa mzaha. Alikaa uani mchana kutwa. Mwanzoni alitazama juu muda wote, shingo ikamuuma. Alipotazama chini ili aipumzishe, kivuli kilipita ardhini na moyo ukamruka, kumbe ni njiwa tu. Jentrix alimletea maji wakakaa pamoja, ila hawakuweza kucheza chochote, maana mchezo wowote hutaka macho. Kevin alipita akasema, "Jogoo, si uwike kidogo tusikie?" Hapo hapo Wamboi aliona mwewe akishuka juu ya mahindi. Alipiga yowe lililomshtua hata Kevin. Vifaranga walikimbia chini ya mama yao, mwewe akapita chini kabisa, akapaa akaenda zake.

Wamboi aliketi tena. Hapo ndipo alipowatazama vizuri wale majike na kuona jambo ambalo Jumamosi lilikuwa limempita. Hata wakati wa kudonoa kila mmoja aliinamisha kichwa upande kila mara, jicho moja chini kwenye punje na jingine juu mawinguni. Jogoo naye alikuwa akifanya hivyo siku nzima. Ndiyo maana hakukubali kusimama achorwe miguu. Alikuwa kazini.

Jumatatu Bilha alipokuja, Wamboi alimweleza yote kabla hajaulizwa. Bilha alimwomba radhi Nyanya Nabwile, ambaye alisema jambo lenyewe limekwisha kuliwa. Baadaye, magunia yakipakiwa, Bilha alimvuta bintiye kando.

"Utamwambia mwalimu," alisema.

"Ataniondolea nafasi, mama."

"Huenda. Bado utamwambia."

Mwalimu Kigen alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alizitazama picha za jogoo asiye na miguu, na ilikuwa dhahiri kwamba alizipenda.

"Nafasi ilikuwa yako," alisema. "Nakwambia kwa sababu ni kweli. Lakini sasa nitampa Dancan. Punda wake alikuwa wa kweli tangu siku ya kwanza, na sitamwambia akae chini kwa ajili ya jogoo ambaye hakuwepo."

Iliuma. Iliuma kuliko kicheko cha darasa alipotakiwa kusimama mbele ya wenzake na kuwaeleza alivyodanganya. Dancan hakucheka, na hilo nalo liliuma kwa namna yake.

"Lakini hadithi uimalize," Mwalimu Kigen aliongeza. "Nitaibandika ukutani mwa ukumbi pamoja na nyingine."

Wamboi aliimaliza. Tesi alibadilika. Zamani alipiga kelele sokoni kwa sababu alipenda kusikika. Sasa aliketi kando ya akina mama wauza mboga, jicho moja kwenye kazi yake na jingine kwenye mizani, na alipaza sauti tu pale mtu alipotaka kumwibia mwenzake. Kengele naye alipata miguu, yenye magamba, vidole vilivyotanuka, na ukucha mmoja pungufu.

"Miguu hii ni mizuri sana," Mwalimu Kigen alisema. "Umeiona wapi?"

"Kwenye bakuli, mwalimu."

Mwalimu alitaka kujizuia, ikashindikana. Alicheka mpaka akatoa leso.

Nyumbani Wamboi alimwambia mama yake kwamba hangesoma, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga kibanda. Bilha aliitikia "haya" na kuendelea kuosha vyombo. Siku ya Wazazi ilipofika, Dancan alisoma vizuri na kupigiwa makofi mengi. Wamboi naye alipiga makofi, kisha akaenda kusimama karibu na picha zake, mwishoni mwa ukuta. Alipogeuka alimwona mama yake akiingia, amevaa ile nguo ya kanisa, vumbi la maharagwe bado liko kwenye mikono.

"Mama! Nilikwambia sisomi."

"Nilisikia. Nimekuja kukuona wewe." Bilha alizitazama picha moja baada ya nyingine, hadi mwisho. "Huyu ndiye mliyemla?"

"Ndiye."

Mwalimu Kigen alikuwa amefika nyuma yao, pamoja na wanafunzi kadhaa waliopenda kusikiliza mazungumzo ya watu wazima. Aliwasalimu, kisha akawageukia watoto.

"Mtazameni Tesi," alisema. "Hayupo duniani, na Wamboi hajamdanganya mtu kwa kumbuni, kwa sababu sote tunajua ni hadithi. Kubuni ni kazi nzuri, endeleeni kubuni. Lakini mtu akikuuliza swali akitaka kujua, huyo hakuombi hadithi. Ataondoka na jibu lako aende kulifanyia kazi. Atachinja kuku, atatafuta pikipiki, atamnyima mwingine nafasi. Mpe jibu la kweli, hata likikuaibisha."

Wakati huo simu ya Bilha ililia mkobani. Alisikiliza, akacheka, akampa Wamboi.

"Mjukuu wangu," ilisema sauti ya Nyanya Nabwile, kwa nguvu, kana kwamba anaita kutoka Ndalu bila simu. "Nimepata jogoo mwingine. Mweupe, ana maringo kweli. Ukija likizo nikuwekee. Lakini mara hii niambie mapema: ni wa kuchora ama ni wa kula?"

Wamboi alimtazama mama yake, akamtazama na mwalimu. Wote walikuwa wakingoja.

"Wa kuchora, nyanya," alisema. Akafikiri kidogo, akaona bado jibu halijakamilika. "Na mwingine wa kula."